Vitambaa Vyekundu vya Ghala la Marijani

Zama za Sultani Kahtani, mwenye kuumiliki mji wa Marijani, palikuwa na ghala kubwa la mapipa ya mchele na mtama, na mtunzaji wake alikuwa mjane aitwaye Saluma. Pipa likipungua hata mstari uliochorwa ndani ukaonekana, Saluma hulifunga kitambaa chekundu, na jini aliyefungwa na Sultani kwa azima hulijaza. Akigeuka tu, husikia punje zikimiminika nyuma yake, na hewa hupoa kama ya kisimani.

Siku moja alipokuwa akichota mchele, mkono wake uligusa kijiko cha mti, kingali na uji wa moto. Akasema, "Ewe usiyeonekana, vitu hivi wavitoa wapi?"

Sauti ikajibu kutoka ndani ya pipa, "Mji wa Zafarani, bibi. Ndio ulio karibu."

"Na wao wanakula nini?"

"Sikuamrishwa kulitazama hilo. Mimi naona chekundu tu."

Saluma akaenda barazani, akapiga magoti. "Maulana, ghala lako linajazwa kwa njaa ya watu."

"Ghala langu limejaa," akasema Sultani. "Ya Zafarani wanayajua wenyewe."

Basi Saluma akabeba vitambaa vyote, akaenda Zafarani kwa miguu, na akakuta watu wameketi kando ya vyungu vitupu, mikono wameibandika juu ya vifuniko. Mfinyanzi mmoja, Idarusi, akamwambia, "Usiachie kifuniko, dada. Kuna kitu kinakula kabla yetu." Saluma akavifunga vyungu vyote vitambaa vyake vyekundu, na nyuma yake punje zikaanza kumiminika.

Aliporudi, ghala lilikuwa tupu, na Sultani amesimama katikati.

"Umeniibia!"

"Sikugusa hata punje, Maulana. Nimeonyesha tu palipopungua."

Mara hewa ikapoa. Sultani alikuwa amevaa kilemba chekundu, na sauti ikamnong'oneza sikioni, "Na wewe, Maulana, nikujaze nini?"

Sultani akakivua kilemba, akaitangua azima palepale, na jini akaenda zake. Kisha akaamuru mashamba yalimwe, akamtunukia Saluma nusu ya mavuno ya kwanza, naye akaolewa na Idarusi kwa harusi iliyolisha miji yote miwili. Ndivyo yalivyokuwa, nawe msikilizaji, ukiona pipa lako limejaa bila jasho lako, uliza ni chungu cha nani kilichopungua.