Nyumba Mbili na Waya Mmoja

Ndugu zangu, leo siwaletei mkulima wala mchunga mbuzi. Nimewatumia sana kwenye darsa hizi, wamechoka wao, na nyinyi mmechoka nao, nawaona mnavyosinzia nikianza kuwataja. Leo nawaletea hospitali. Kaeni vizuri, magharibi bado, na anayetaka kulala aegemee nguzo asimwangukie mwenzake.

Palikuwa na hospitali moja yenye nyumba mbili. Moja mlimani, nyingine bondeni karibu na mto, na kutoka hii hadi ile ni mwendo mfupi wa pikipiki. Hospitali moja, jina moja, muhuri mmoja. Lakini kila nyumba ilikuwa na daktari wake mkuu, na madaktari hao walikuwa hawasemezani. Walisoma pamoja, mmoja akamwoa dada wa mwenzake, wakala sahani moja. Kisha likaja suala la nani awe juu ya nyumba zote mbili, bodi ikaogopa kuchagua, na tangu hapo salamu zao zikawa kwa barua za ofisi. Mnacheka? Hamwajui watu wa namna hiyo? Basi endeleeni kucheka.

Wakati huo faili za wagonjwa zilikuwa makaratasi. Mto ukafurika, ukaingia nyumba ya bondeni, ukazichukua zote. Mtu aliyetibiwa pale miaka mingi akaja akaulizwa upya kila kitu, mpaka jina la babu yake. Ndipo wakamwita fundi wa kompyuta. Fundi akasema, tutaweka mashine mbili za kuhifadhi kumbukumbu, moja mlimani, moja bondeni, na waya wa kuziunganisha. Nesi akiandika neno huku, neno hilo linaandikwa na kule papo hapo. Mto ukichukua mashine moja, ya pili inaendelea na kazi, na mgonjwa hatajua kama kuna lililotokea. Jambo la heri kabisa.

Lakini fundi akaongeza. "Waheshimiwa, kimebaki kitu kimoja. Waya ukikatika, kila mashine itaona mwenzake yuko kimya. Haitajua kama mwenzake kafa au ni waya tu. Kwa hiyo inatakiwa mashine ya tatu, ndogo. Hiyo haihifadhi chochote, ni shahidi tu. Inaziangalia hizi mbili kwa njia nyingine, na zikipotezana ndiyo inayosema ipi iendelee na ipi isimame. Sasa hiyo ikae mahali pa tatu, si kwa huyu wala kwa yule."

"Ikae kwangu," akasema daktari wa mlimani. "Kwangu hakufuriki."

"Ikikaa kwake, mashine zenu zote sizitaki," akasema wa bondeni. Alimwambia fundi, maana mwenzake alikuwa hamtazami.

Fundi akataja chumba kwenye shule ya jirani. Wakakataa wote wawili, kila mmoja akidhani ni hila ya mwenziwe. Fundi akasema, basi kama hakuna shahidi, waya ukikatika mashine zote zisimame mpaka nije. "Hospitali haisimami!" wakasema kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile. Kisha yule wa mlimani akafunga mjadala: "Sisi si watoto. Waya ukikatika, tutapigiana simu." Fundi akainamisha kichwa, akaziacha zifanye kazi bila shahidi, akapanda basi akaenda zake. Naye ana lake la kujibu, kwa sababu alikuwa anajua.

Mambo yakaenda vizuri muda mrefu. Halafu wakaja watengeneza barabara na katapila lao, wakachimba mtaro, wakaukata waya. Katika kila nyumba kioo cha kompyuta kikaandika: mwenzako haonekani, sasa wewe ndiye mkuu. Inasemekana daktari wa mlimani aliposomewa maneno hayo alitabasamu. Na yule wa bondeni akaagiza chai. Kila mmoja akaweka simu yake mezani, akangoja. Alikuwa anangoja nini, ndugu zangu? Alikuwa anangoja apigiwe. Maana kwao anayepiga kwanza ndiye aliyeshindwa.

Waya ukiwa bado umekatika, mwashi mmoja akaenda nyumba ya bondeni na kifua kinachombana. Wakamdunga sindano. Hapo hapo uso ukavimba, pumzi ikakata. Wakamhangaikia mpaka akarudi. Nesi wa bondeni, Mungu amlipe, akaandika kwenye kompyuta kwa herufi kubwa: dawa hii inamkataa, asipewe tena maishani. Akaandika vizuri, akaandika kweli, na maneno yake hayakufika mlimani. Mwashi akapangiwa tarehe ya kurudi kliniki, akaenda zake.

Siku mbili baadaye kifua kikambana tena, akiwa kazini upande wa mlimani. Mkewe akampeleka kwenye nyumba iliyo karibu. Nesi wa mlimani akafungua faili lake, akaliona safi.

"Nesi mwanangu," mke akasema, "bondeni walisema kuna dawa inamkataa."

"Dawa gani, mama?"

"Jina silijui. Wameandika humo kwenye kompyuta. Si ni hospitali moja nyie?"

"Humu hakuna kitu, mama. Kingekuwepo ningekiona."

Hata hivyo nesi akaingia ofisini. "Dokta, mke wa mgonjwa anasema ana dawa inamkataa, na bondeni wameiandika. Tuwapigie?"

Daktari akaitazama simu pale mezani. Ilikuwa karibu na mkono wake. "Wao wamepiga?"

"Hawajapiga, dokta."

"Basi fuata kilichoandikwa."

Nesi akafuata kilichoandikwa. Ilikuwa sindano ile ile. Safari hii mwashi hakurudi, na mkewe akatoka pale amebeba viatu vya mumewe mkononi.

Waya ukaungwa. Fundi akaitwa, akakuta mashine zinagombana, kila moja inasema mimi ndiye mkuu, niliyoandika mimi ndiyo kweli. Akawaambia madaktari: "Siwezi kuzichanganya. Chagueni moja ibaki. Nyingine tunafuta yote iliyoandika tangu waya ulipokatika." Wakaketi chumba kimoja, kwa mara ya kwanza tangu wagombane. Watu wakajua sasa hapa patawaka moto. Lakini daktari wa mlimani, yule asiyekubali kushindwa hata kwa salamu, akasema upesi: "Ifutwe ya kwangu."

Mwenzake akasimama, machozi yanamlenga. Akamkumbatia. Wauguzi wakapiga makofi, wengine wakalia, wakasema leo wamepatana. Hakuna aliyeuliza, mbona amekubali haraka hivi? Kwa sababu kifo cha yule mwashi kilikuwa kimeandikwa mlimani. Mlimani peke yake. Fundi akabonyeza, na kikafutika. Kumbukumbu ya bondeni ikabaki, na humo mwashi alikuwa mzima wa afya na ana tarehe ya kurudi kliniki.

Mjane akiwa ndani ya eda, simu ya marehemu ikalia ujumbe. Akausoma: "Ndugu mgonjwa, kesho ni siku yako ya kliniki. Usisahau kumwambia mhudumu dawa inayokukataa."

Mnanyamaza sasa. Mlikuwa mnacheka hapa.

Nani aliyemuua yule mwashi? Msiniambie katapila. Waya hukatika, ndugu zangu, dunia ndivyo ilivyo. Watu wawili wanapendana, linapita neno, linapita shamba la urithi, linapita jambo la harusi, waya unakatika. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba ukimya wa ndugu yako unauita kifo, na moyoni kuna kitu kidogo kinafurahi: sasa mimi ndiye mkuu, sasa kweli ni yangu peke yangu. Na wanaoumia ni watu wa katikati. Ni watoto wanaokua hawamjui shangazi yao. Ni mama mzee anayeumwa, huku mnajua nusu, kule wanajua nusu, na hakuna anayejua ugonjwa wote.

Mnaijua mipaka tuliyowekewa ya kununiana. Ni siku chache sana. Humu ndani kuna waliomaliza miaka, nao wanasujudu msikiti mmoja, wamepishana safu tu ili wasipeane mikono. Nawaona. Mimi ndiye ninayekaa mbele.

Na mimi ndiye ninayesimama kwenye majeneza yenu. Kila mara nageuka nawauliza: kama marehemu alimkosea mtu, mmemsamehe? Mnajibu kwa sauti moja, mpaka mabati yanatetemeka, tumemsamehe! Kwa aliyekufa hamna uzito.

Leo hakuna jeneza hapa mbele. Huyo ndugu yako yuko hai, yuko nyumbani kwake, anakula, anakohoa, anakutaja. Nawauliza kama ninavyowauliza siku zote. Mmemsamehe?

Mbona kimya?