Kisima cha Bi Rumana

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja kando ya jangwa alikuwapo mchimba visima, jina lake Dhakwani, mcha Mungu, lakini siku hizo hana kazi na chungu chake kimesahau moto.

Akaitwa na mjane tajiri, Bi Rumana. "Mume wangu alikufa kwa kiu safarini," akamwambia. "Nataka kisima cha sadaka kwa ajili yake. Chimba hapa mbele ya nyumba yangu, uanze leo."

Dhakwani akainamisha kichwa. "Cha nani, Bibi? Cha watu peke yao, au na ngamia? Kitumike msimu huu tu, au miaka yote?"

"Lo! Maswali yote hayo ya nini? Mungu anaijua nia yangu."

"Hakika anaijua, Bibi. Mimi ndiye nisiyeijua."

Bi Rumana akampa siku tatu. Asipoanza, kazi apewe mwingine. Naye Dhakwani, badala ya kushika sururu, akaenda kukaa njiani kuwatazama wapitao. Watu wakamcheka, wakasema mvivu kapata kisingizio. Mkewe akamwambia, "Baba Zuhura, ngoja ngoja huumiza matumbo, na ya wanao yameshaumia." Neno hilo lilimchoma. Alijua fika kwamba akinyamaza akachimba, jioni ileile watoto watakula.

Siku ya tatu akarudi. "Bibi, misafara haipiti hapa. Hupita njia ya bondeni, mwendo wa nusu siku, pamoja na ngamia wao. Hapa watakunywa jirani zako, nao wana visima vyao. Nikichimba hapa nitakula ujira wako bure."

Bi Rumana akaghadhibika, kisha akalia. "Nilitaka nikione kila nifunguapo dirisha. Na watu wakione, waseme ni cha mume wangu."

"Basi nieleze, Bibi, nami nitafuata. Kisima ni cha dirisha, au ni cha wenye kiu?"

Bi Rumana akafuta machozi. "Ni cha wenye kiu," akasema. "Watu na wanyama wao, na kidumu hata nikishakufa."

Ndipo Dhakwani alipotamka bismillahi na kushika sururu.

Kikachimbwa bondeni, kipana, na birika la kunyweshea ngamia pembeni. Inasemekana Bi Rumana alijaaliwa kukiona mara moja tu katika uhai wake. Aliwakuta wageni wakinywa, hakuna hata mmoja aliyemjua yeye wala mumewe. Akachukua ndoo, akawatekea.

Ndugu zangu, aanzaye jambo la kheri bila kuuliza ni la nani, mara nyingi huja kugundua kwamba alijifanyia mwenyewe.