Sheria ya Furaha ya Sultani Mwinyimvua

Palikuwa na Sultani mmoja katika mji wa Mtangani, Sultani Mwinyimvua, aliyejaaliwa kila kitu isipokuwa uso wa kucheka. Hata akiwekewa sinia la biriani, uso ulikuwa ule ule, wa mtu aliyekanyaga mwiba akaona haya kusema. Basi mwaka mmoja, siku za ngoma za mji, alimwona mgema akicheza na watu wakimshangilia kuliko walivyomshangilia yeye alipowasili. Akanuna mwaka mzima. Ngoma zilipokaribia tena, akapiga mbiu: watu waje, wacheze, wafurahi wapendavyo, ila asifurahi mtu kuliko Sultani.

Mmeielewa sheria hiyo? Hata wenye elimu zao hawakuielewa. Waziri Faki aliielewa, maana kuelewa ndiyo ilikuwa kazi yake. Akawaagiza askari wahesabu meno. Atakayeonyesha mengi, huyo kampita Sultani.

Siku tatu watu wa Mtangani wakacheza ngoma yao kama wanaochimba kaburi. Wazee wa ngoma ya goma, kanzu zimenyooka, bakora mkononi, walisogea hatua kwa hatua midomo wameibana kama wana dawa chungu kinywani. Vijana wa kirumbizi wakapigana fimbo kwa adabu, kila pigo na samahani yake. Sultani akaona mambo ni mazuri sana.

Siku ya nne, alasiri, ikawa zamu ya vugo, ngoma ya wanawake wanaopiga pembe. Upatu, ile sahani ya madini inayogongwa kwa kijiti, alikuwa nao Bi Mishi, mjane wa mtaa wa Kisimani. Mali yake ilikuwa ule upatu wa shaba aliourithi kwa mamake, na ulimi aliojipatia mwenyewe. Mwaka mzima anauza mbaazi na mahamri, akiingojea siku hiyo moja. Alianza kwa heshima zote, kama alivyoagizwa. Lakini pembe zikaitikiana, ngoma ya vumi ikaingia pale pale inapotakiwa kuingia, kina mama wa Kisimani wakageuka wote kwa pamoja, na Bi Mishi akajisahau. Akarusha kichwa nyuma, akacheka.

Askari wakamdaka, kijiti cha upatu kingali mkononi.

Akafikishwa mbele ya Sultani hapo hapo uwanjani. Waziri akaanza na hukumu, mashtaka baadaye, maana jua lilikuwa kali: upatu uyeyushwe, Sultani atengenezewe tasa ya kutemea tambuu, na Bi Mishi asikanyage tena uwanja wa ngoma mpaka siku ya kuzikwa kwake. Ubavuni mwa Sultani alikuwa ameketi Sayyid Hashimu wa mji wa jirani, ambaye Sultani alikuwa akimposa binti yake. Mzee huyo alikuja na wapiga zumari wake mwenyewe, ili kuipamba ngoma ya mkwewe mtarajiwa.

Bi Mishi akaomba aulize mawili matatu kabla upatu wa mamake haujawa kitu cha kutemea mate. Sultani akamruhusu, ili mgeni aone jinsi alivyo muungwana.

“Bwana Waziri, umehesabu meno mangapi?”

“Kumi na moja. Nimehesabu mwenyewe.”

Bi Mishi akafumbua kinywa, akakigeuza huku na huku kama anayeuza punda. “Ninayo manane. Hayo matatu uliyaona wapi, baba? Nayahitaji.”

Watu wakakohoa. Mwaka ule ndivyo watu walivyocheka.

“Achana na meno,” Sultani akasema. “Umefurahi kuliko mimi. Mji mzima umeona.”

“Huenda, Mwinyi wangu. Hebu niambie wewe ulifurahi kiasi gani, tulinganishe. Kidogo?”

Sultani alitaka kusema ndiyo, kidogo. Neno lilikwisha kufika ncha ya ulimi. Akamwona Sayyid Hashimu amegeuka kumtazama, na nyuma yake wale wapiga zumari wameshusha zumari zao, wote wanangoja kusikia. Akalimeza.

“Nilifurahi sana.”

“Sana kama nani?”

“Kuliko yeyote aliyepo hapa.”

“Nami nipo hapa, Mwinyi wangu?”

“Upo.”

“Basi hujapitwa, na sheria yako haijaguswa. Nirudishieni upatu wangu.”

Askari aliyeushika akamtazama Sultani, Sultani akamtazama Waziri, na Waziri, ambaye alikuwa hajamaliza kuhesabu, akainama akanong'ona sikioni mwa bwana wake kwa muda mrefu. Sultani akajiweka sawa kitini. Akasema pole pole, ili mkwewe asikose hata neno moja.

“Ngoja, mama. Kama nilikuzidi, basi wewe ngoma yangu hukuifurahia inavyostahili. Nimekualika, nimekuletea zumari kutoka mji wa watu, na wewe unanifurahia nusu nusu mbele ya mgeni wangu. Hiyo ni dharau, na adhabu yake ni ile ile. Haya, nieleze. Furaha yako iliishia wapi?”

Bi Mishi akamsogelea yule askari, akautoa upatu mikononi mwake, akaubana kwapani.

“Ilianza kubwa, Mwinyi wangu. Lakini mimi mtu wa kufuata sheria, nikaogopa nisije nikakupita. Nikakutazama usoni nijue mwisho ni wapi. Ikakatika hapo hapo.”