Mkungu Ulioachwa kwenye Masale

Mtu mmoja alikuwa na kilima na wana wawili. Kilima hakukinunua. Alikirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu, na kila aliyekirithi alipewa pamoja nacho habari yake.

Habari yenyewe ni hii. Zamani watu wa kilima kile walikuwa wafua chuma. Walichota mchanga mweusi mtoni, wakauyeyusha katika matanuri ya udongo, wakafua majembe yaliyosifiwa hadi mbali. Lakini tanuri hula mkaa, na mkaa hutoka kwenye mti. Wakakata miti ya karibu, kisha ya mbali, hata kilima kikabaki na upara. Mvua ikashusha udongo bondeni. Chemchemi ikakauka. Matanuri nayo yakazimika, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuyachochea. Watu wakahamia tambarare, na huko homa na njaa vikawapunguza. Hata leo ukichimba kidogo upande wa mashariki utakuta mawe meusi mazito yenye matundu. Ndiyo mabaki ya chuma kile.

Yule babu alikuwa miongoni mwa wachache waliorudi. Hakurudi na mbegu wala miche. Alirudi na mzigo wa masale, ule mmea wa majani marefu ambao watu wa milimani huupanda mipakani, na ambao ukivunja tawi lake na kulichomeka ardhini, huota. Akakizungushia kilima masale kiunoni, pande zote. Akasema kwamba juu ya mstari ule hapatapita shoka, wala jembe, wala mbuzi, na hata mti ulioanguka wenyewe utaozea pale pale. Majirani wakamcheka. Wakasema, "Mzee amejenga ua wa kulinda upara."

Kwanza yaliota magugu, kisha vichaka. Ndege wakaleta mbegu za mikuyu katika vinyesi vyao. Mipodo ikafuata, na mbega wakafuata mipodo. Yule babu alikufa akiwa ameona vichaka tu. Mwanawe aliona miti michanga. Mjukuu wake, ambaye ndiye huyu mwenye wana wawili, asubuhi moja alisikia maji.

Yale maji yaliteremka kutoka msituni hadi kwenye ndiva, yaani bwawa la udongo ambalo huzibwa jioni lijae na kuzibuliwa asubuhi limwagilie mashamba. Bonde likawa la migomba na maharage. Watu wakasahau kwamba liliwahi kuwa jingine.

Yule mtu alipoona nguvu zinamwishia, aliwaita wanawe. Bonde alimpa Mrindoko, mdogo. Kilima alimpa Senkondo, mkubwa, pamoja na nyumba iliyokuwa juu karibu na chemchemi. Senkondo akasema, "Baba, mwenzangu umempa shamba. Mimi umenipa marufuku."

Mzee akakubali kuwa ndivyo ilivyo, na kwa sababu hiyo akaweka sharti. Wa juu atunze maji, wa chini alete chakula. Kila mavuno Mrindoko apande kilimani na mkungu wa kwanza na kikapu cha maharage, aingie ndani kwa kaka yake, akae, wale pamoja. Lile neno la kuingia ndani mzee alilirudia. Wanawe walidhani ni uzee.

Mzee akafa, wakamzika chini ya masale, upande wa bondeni.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama alivyoagiza. Senkondo aliondoa majani kwenye jicho la chemchemi, akafyeka njia ya moto kabla ya kiangazi, akatembea msituni akisikiliza kama kuna shoka. Kazi yake ikienda vizuri haikuonekana. Watu wa bondeni walimwita Bwana Kivuli, naye aliposikia alicheka pamoja nao. Mrindoko alipanda na mkungu, akakaa karibu na moto, akala, akasikia habari za juu: mti gani umeanguka, chui amepita wapi. Aliporudi, Namkunda, mke wa kaka yake, alimtilia asali kwenye kibuyu na kumwambia, "Shemeji, usiimalize njiani."

Kisha Mrindoko akafanikiwa. Migomba iliongezeka, na siku za kazi zikawa fupi. Njia ya kupanda ilikuwa ya mawe na yenye utelezi. Akaanza kupanda bila kukaa. Akaupokeza mkungu mlangoni, akasema, "Kaka, leo nina haraka," akashuka. Msimu mwingine alifika kwenye masale akiwa amechoka, akaitazama njia iliyobaki. Akakumbuka kwamba wazee wa zamani waliacha sadaka zao pale pale mpakani, wala hakuna aliyewalaumu. Basi akautua mkungu na kikapu chini ya masale. Akaweka mikono mdomoni akaita, "Kaka! Chakula hicho!" Jabali la ng'ambo likamrudishia sauti yake. Akaona amejibiwa, akashuka.

Tangu siku hiyo akafanya hivyo kila mavuno. Hakukosa hata mara moja, na mkungu ulikuwa mzuri daima, maana hakuwa mchoyo. Aliporudi baadaye kuchukua kikapu, alikikuta kitupu, kimepinduliwa. Akamwambia mkewe, "Kaka amekuwa mtu wa ajabu. Anakula, lakini hata kunisimamishia kikapu hawezi."

Waliokuwa wakila ni kima. Walishuka mapema, wakagombania ndizi, wakamwaga maharage kwenye majani. Senkondo, alipopita mpakani katika matembezi yake, kikapu kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa, akaona maganda tu. Akasikitika akasema moyoni, "Kima wanamwibia mdogo wangu ndizi shambani, kisha wanakuja kuzila huku." Alimhurumia ndugu yake, na huku nyumbani kwake mwenyewe sufuria ilikuwa tupu.

Mtauliza kwa nini hakushuka kuuliza. Alisema kwamba anayepaswa kuipanda njia ni mdogo wake. Alisema hawezi kuombaomba kitu kilichoamriwa na baba. Hilo nalo lilikuwa kosa, na lilikuwa lake.

Walikula asali, uyoga na mboga za porini. Asali haikutosha, na uyoga hutoka kwa majira. Watoto wakakonda. Namkunda alivumilia muda mrefu, kisha siku moja akamwekea mumewe sahani iliyo wazi, isiyo na kitu, akasema, "Baba Elisante, watoto hawali kivuli."

Senkondo hakuwa na jembe. Alikwenda kuliazima kijiji cha upande wa pili, mahali ambapo hakujulikana. Akafyeka kipande kidogo karibu na chemchemi, akapanda viazi. Udongo ule mweusi ulikuwa umelimbikizwa na majani ya vizazi. Viazi vikatoka vikubwa kama vichwa vya watoto. Watoto wakashiba, wakacheka, na yeye hakuweza kula kwa kuyatazama mashina ya miti aliyoikata. Lakini msimu uliofuata aliongeza kipande, na uliofuata akaongeza tena, kwa kuwa njaa iliyopata jembe haisikii tena habari za babu.

Mvua kubwa ilipokuja, ule udongo mweusi uliteremka. Ndiva ikajaa matope. Watu wa bondeni wakayazoa, wakailaumu mvua. Kiangazi kilipofika, mfereji ukawa uzi. Kisha ukakauka.

Mrindoko akaona migomba yake ikikunja majani. Akachukua panga, akapanda. Safari hii hakuona mawe wala utelezi. Alipita masale bila kusimama. Alipofika chemchemini akaona uwazi, mashina na matuta, na kaka yake ameinama katikati na jembe mkononi.

Akapiga kelele, "Senkondo! Umemuua baba mara ya pili!"

Senkondo akainuka polepole. Alikuwa amezeeka.

"Bonde zima linakufa kwa ajili ya viazi vyako," Mrindoko akasema. "Umekosa nini wewe? Kila mavuno nimekulisha. Kila mavuno! Mkungu wa kwanza, maharage ya kwanza. Nimeweka kwenye masale, umekula, hata asante sijaisikia!"

Namkunda alikuwa ametoka nje. Watoto walisimama nyuma yake. Hawakumjua mtu huyu mwenye panga, na mdogo wao akaanza kulia. Senkondo alimtazama ndugu yake. Akayakumbuka maganda ya ndizi mpakani, na hasira yote aliyokuwa ameilea ikakosa mahali pa kukaa. Akasema, "Mdogo wangu, mlango wangu hauko kwenye masale."

Mrindoko akakiona moyoni kile kikapu kilichopinduliwa, kama alivyokuwa akikikuta, msimu baada ya msimu. Panga likashuka.

Namkunda akasema, "Shemeji, ingia ule. Viazi vipo."

Hakuingia. Aligeuka akashuka, wakadhani ameondoka. Lakini alifika kwenye masale, akavunja jani moja, akapanda nalo tena. Ninyi mnajua desturi. Mtu akikuletea jani la isale kwa mikono miwili, anakuomba radhi, na hairuhusiwi kumkatalia. Senkondo akalipokea. Kisha naye akashuka hadi mpakani na jembe la watu begani, akavunja la kwake, akampa mdogo wake. Ndipo wakaingia ndani wote wawili, wakala.

Yale matuta yaliachwa siku ile. Jembe likarudishwa kwa mwenyewe. Mrindoko akaanza kupanda tena hadi mlangoni, na magoti yalipomshinda alisaidiwa na wanawe, na wao waliingia ndani.

Msamaha ulipatikana mara moja. Maji hayakurudi mara moja. Yalianza magugu, kisha vichaka, kwa utaratibu ule ule na kwa mwendo ule ule, kwa maana Mungu alikwisha kuuweka na mti haupokei jani la isale. Ndugu wale wawili walikufa wakiwa wameona vichaka.

Leo kilima kile ni hifadhi. Kina bango, kina njia zilizochongwa, na wageni hupanda kutazama mbega na kuonyeshwa mahali palipokuwa matanuri. Karibu na chemchemi wataonyeshwa pia sehemu ambayo miti yake ni mifupi kuliko mingine. Wengi hudhani palipigwa na radi.

Sasa nisikilizeni, maana sina maneno mengi. Kila mtu anayeketi hapa anakunywa maji ya kilima asichokiona. Juu kule kuna mtu. Huenda ni mlinzi wa msitu ambaye mshahara wake hamjauuliza. Huenda ni mama mzee anayekuombea alfajiri. Huenda ni ndugu aliyebaki na wazazi ili wewe uende. Kazi yake haionekani, na siku itakayoonekana utakuwa umechelewa. Mwaka huu nimemzika mke wangu. Wengi mlileta vitu, nami nawashukuru wote. Lakini nimejifunza kwamba kuna kitu kilicholetwa na kuna kitu kilichoachwa, na kwa nje vinafanana.

Basi rudini nyumbani, kila mmoja ajiulize: mkungu wangu nimeutua wapi, na miaka yote hii ni nani amekuwa akiula?