Kikapu Kizima cha Bwana Mshauri

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na banda.
Lilijaa nini?
Ushauri mlangoni, tumbo kitini.

Basi, Baraza la msitu lilijenga Banda la Ushauri ili kuwasaidia wachuuzi wadogo. Mshauri akawa Fisi. Sheria ilisema: mshauri aonje kipande cha kila bidhaa, atoe ushauri, kisha agonge muhuri. Bila muhuri, hakuna kuuza sokoni. Lakini sheria haikusema kipande kina ukubwa gani.

Nyuki akaleta asali. Nyam! Kibuyu kitupu. "Nimeonja kipande. Rudi kesho."

Kanga akaleta mayai. Nyam! Kapu tupu. "Nimeonja kipande. Rudi kesho."

Akaja Pimbi, mgane mdogo asiye na mkia. Marehemu mkewe alikuwa fundi wa kashata, na sasa Pimbi alizipika mwenyewe kwa sufuria ileile. Nyam! Sinia tupu.

"Mkeo alizikoleza zaidi," Fisi alisema, akilamba kucha. "Rudi kesho."

Pimbi akaokota sinia, akaondoka. Nyumbani zilibaki karanga za sinia moja tu. Zikiliwa nazo, sufuria ya mkewe itafunikwa moja kwa moja. Akapitia kwa Bi Kasuku, muuza pilipili kichaa. Wakanong'onezana.

Siku ya pili Baraza likakutana kurekebisha sheria ya banda.

"Waheshimiwa," Pimbi alianza, "tunamdhulumu mshauri wetu. Kipande! Mtu mzima analishwa vipande kama kifaranga? Aonje kikapu kizima!"

"Kikapu kizima!" Fisi akaruka. "Kumbe mgane huyu ana akili!"

"Kila siku kikapu kimoja, cha mchuuzi wa kwanza kufika. Akikimaliza, awagongee muhuri wote waliopanga foleni."

"Na asipokimaliza?" aliuliza Spika Kiboko.

"Kiti apewe atakayekimaliza," Pimbi alisema kwa upole.

"Andikeni upesi!" Fisi akadakia. "Lini mmeniona nikibakiza?"

Hakuna aliyewahi kumwona. Mikono ikainuliwa. Fisi aliinua yote miwili.

Kulipokucha, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bi Kasuku, na kikapu cha pilipili kichaa nyekundu, kimejaa pomoni. Kilikuwa kidogo, cha kutosha kiganja, maana sheria mpya nayo haikusema kikapu kina ukubwa gani.

"Hiki tu?" Fisi akacheka.

"Karibu, mheshimiwa."

Nyam! Moja. Nyam! Mbili. Haaa! Macho yakamtoka. Hooo! Akalamba ukuta. Haaa-hooo! Akatimka hadi mtoni. Chubwi!

Bi Kasuku akaketi kitini. Ndege hawawashwi na pilipili; kwake hicho ni kifungua kinywa. Ko-ko-ko, akakimaliza kikapu, akajipangusa mdomo, akashika muhuri.

Ta! Asali. Ta! Mayai. Ta! Kashata.

Msitu ulilipuka kwa vigelegele. Jioni Pimbi akarudi na gunia la karanga, akabandika sufuria, na harufu ikapanda mpaka kileleni mwa mlima. Zamu hii alikoleza sukari.

Funzo, wanangu: waheshimuni walafi. Bila wao, nani angepitisha sheria nzuri upesi namna ile?

Ngano yangu imefika. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa kali, mpelekeeni Fisi. Bado yuko mtoni.