Diski ya Mama na Diski ya Mieleka

Mwanamke mmoja alifariki, akaacha watoto watatu na diski moja. Wawili wa kiume, Kibwana na Pazi, walikuwa wameshaota ndevu. Wa mwisho, Siwema, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Shangazi akamchukua, akaenda kumlea mbali. Mama huyo kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi za watu, na siku moja aliigeuza kamera imtazame yeye, akajirekodi akimbembeleza Siwema kwa wimbo na kumwita jina la utani alilompa mwenyewe, video ikabaki kwenye diski ya kompyuta yake. Sauti yake nyingine haikubaki duniani.

Kompyuta yake nayo ikafa. Fundi akaifungua, akaitoa diski, akaitia kwenye kasha dogo lenye waya, ili ichomekwe kwa nje kwenye kompyuta yoyote. Msicheke. Huo ni moyo uliotolewa kifuani na bado unapiga. Mimi nimezishika diski za namna hiyo nyingi kuliko vikombe vya chai mlivyokunywa, na nawaambia, zinatetemeka kiganjani kama kifaranga.

Fundi akawaonya, "Hii imechoka. Kila mkiiwasha mnaila. Hamisheni vilivyomo upesi. Kasha la pili, la kutia diski ya kuhamishia, nitawaazima bure."

Ndugu hao walikuwa na diski nyingine, changa, kubwa. Lakini ilijaa pomoni, nusu mieleka ya Kibwana, nusu filamu za Pazi. Ili mama apate nafasi, ilibidi mmoja afute vyake.

"Futa mieleka yako, kaka. Yale majitu ya chupi umeshayaona yakianguka yote."

"Anza wewe na filamu zako za kuliza. Mbona msibani hukutoa chozi?"

Wakacheka, wakaacha.

Basi kila Idi wageni wakijaa, waliichomeka diski ya mama. Akina mama wa mtaani walijifuta macho kwa ncha za khanga, wakisema, wana kama hawa wako wapi siku hizi? Saa yao ya kutazama pambano ikikaribia, Kibwana aliichomoa ikiwa bado inazunguka, akatia ile ya mieleka kwenye kasha lilelile. Wala msiseme hawakumpenda mama yao. Walimpenda. Walimpenda kila Idi.

Siwema akakua, akaolewa, akashika mimba. Ndipo akafunga safari. Wakamtandikia mkeka, wakamwekea pilau. Hakuigusa. Alitaka kumsikia mama akimbembeleza, apate naye cha kumwimbia mwanawe.

Wakachomeka. Diski ikagonga, ka, ka, ka, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ikanyamaza. Pazi akaipuliza, akaipiga makofi, akabadili waya. Kibwana akasema labda kasha ndilo bovu, akatia diski ya pili ili ajaribu. Ikafunguka papo hapo. Majitu yakaruka, umati ukashangilia nyumba nzima.

Kati ya kaka zake hakuna aliyeizima. Siwema aliinuka akaizima mwenyewe. Kisha akaketi mbele ya kaka zake, mikono juu ya tumbo, akasema:

"Nyinyi mmemsikia miaka yote. Basi niambieni kwa midomo yenu, mama aliniitaje?"

Kibwana akamtazama Pazi. Pazi akamtazama Kibwana. Walikumbuka rangi ya gauni. Walikumbuka pazia nyuma yake. Jina hawakulikumbuka, wala wimbo, kwa maana kila walipomwasha mama, macho yalikuwa kwenye skrini na roho ilikuwa kwenye saa ya pambano.

Siwema akarudi kwake kama alivyokuja.

Nanyi mnaosema wazazi wenu mnao moyoni: mkifunguliwa hicho kifua leo, litatoka neno lao gani?