Mguu wa Marehemu Kwenye Klachi

"Kabla hujamsingizia marehemu, inama chini ya usukani." Mnacheka, wanangu, halafu mnataka asili yake. Methali hii ilianza hivi, na aliyeianzisha kwa ujinga wake ni mimi.

Kaka yangu Msengi alifariki ghafla akiendesha pikapu yake, mchana kweupe, kwenye barabara iliyonyooka kabla ya kufika Manyoni. Gari alimwachia mkewe, Nyamweru, aliyelitegemea kusafirisha vitunguu. Mimi nikawa dereva wake. Lilikuwa na kruzi, ile inayoshikilia mwendo bila wewe kukanyaga mafuta. Basi kila tukifika alipofia kaka, kruzi inaachia yenyewe. Gari linapunguza mwendo taratibu, kama mtu anayesita mlangoni, na miguu yangu yote iko sakafuni.

Nikawaambia wazee. Wakaamua kwamba marehemu hataki mjane awe na gari, lirudi kwenye ukoo. Nyamweru aliomba jambo moja tu: fundi Mghwai alikague kwanza, sote tukiwepo.

Mghwai aliwasha umeme wa gari, akachomeka kipimo chake, akatoka nje nacho. Ndani hamkuwa na mtu. Akalisukuma gari kwa bega, likayumba.

"Klachi imekanyagwa," akasoma kwenye kipimo.

Wazee walirudi nyuma. Mmoja akaanza kuomba dua. Mimi niliapa nimemwona kaka kwenye kiti.

"Imekanyagwa na nani?" nikauliza.

Mghwai akainama chini ya usukani, akashika kidude juu ya pedeli. "Na hii. Swichi ya klachi imelegea. Ikitikisika, gari linadhani umekanyaga klachi, linaachia kruzi. Pale barabara ikoje?"

"Viraka vitupu," akajibu Nyamweru.

Swichi ikabadilishwa, na wazee wakaliacha gari kwa Nyamweru. Siku ya pili tukapita pale, mimi na shemeji. Gari likatikisika juu ya viraka, kruzi haikuachia. Nasema kweli, niliumia. Nilitamani iachie mara moja tu.

"Shemeji," Nyamweru akasema, machozi yakimtoka, "Msengi hakuninyima kitu akiwa hai. Mlidhani angeanzia kaburini?"

Ndiyo maana nawaambia: kabla hujamsingizia marehemu, inama chini ya usukani.